Pampu Niliyoichagua Mwenyewe

Jumapili, tarehe kumi na nne ya mwezi wa nne. Mvua imeanza kabla hakujapambazuka na mchana kutwa haikupumzika. Makuti yanavuja juu ya kitanda cha watoto na juu ya meza. Mke wangu amekinga bakuli na sufuria. Kanisani sikwenda. Njia yote ya huku Buguruni imekuwa tope la kufika kifundo cha mguu, na viatu ninavyo vya kazini tu.

Asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nikisikiliza matone yanavyogonga bakuli, mara nikasikia gari linakuja kutoka upande wa barabara ya Pugu. Sikuchungulia. Gari lile nalijua kwa mngurumo, kama mtu anavyojua kikohozi cha mwenziwe waliyelala naye chumba kimoja. Lilifika mbele ya nyumba yetu, likapiga chafya, likazima. Nikasikia swichi inawashwa. Swichi ya gari lile ikiwashwa, kabla injini haijaamka, pampu ya petroli hugonga tik, tik, tik, kama saa ya ukutani yenye haraka. Leo haikugonga. Swichi ikazimwa, ikawashwa tena. Kimya.

Mke wangu aliacha kuchambua mboga, akanitazama.

"Pampu yako hiyo," akasema.

"Si yangu."

"Ya nani, basi?"

Swali hilo ndilo lililonikalisha hapa jioni hii na kalamu. Nitajaribu kuandika haki ya mwenzangu na haki yangu pia. Shule yangu iliishia darasa la nne, misheni, kwa hiyo huenda nikakosea njiani; lakini nikikosea si kwa kupenda.

Anayeendesha gari lile ni jirani yangu. Yeye ni Mzaramo wa hapahapa, mimi ni Mnyamwezi, na kila mtu wa pwani anajua maana yake: tulikuwa watani kabla hatujaonana. Siku ya kwanza tulikutana kisimani. Aliniuliza nimebeba mizigo ya nani kutoka Tabora mpaka huku. Nikamjibu kwamba nimetumwa kuja kumwamsha Mzaramo mmoja aliyelala tangu mavuno ya babu yake. Akacheka mpaka ndoo ikamwagika, na ndivyo tulivyoanza kupendana.

Gari tulilinunua pamoja kwa Mgiriki mmoja wa mashamba ya mkonge aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa zee hata siku hiyo, la tangu kabla ya vita, na mlango mmoja wa nyuma ulifungwa kwa kamba. Tulichanga sawa kwa sawa. Mimi ni karani wa stoo, sijui kuendesha. Yeye alikuwa na leseni, na wakati wa vita aliendesha lori la jeshi. Tukapatana yeye aendeshe, apeleke watu Pugu, Kisarawe, Temeke, kwenye harusi na misiba; mapato ya juma moja yawe yake, ya juma la pili yawe yangu. Hatukuandikiana. Ningeandikianaje na mtu ambaye naweza kumvua kofia yake barabarani nikaivaa mimi, naye akacheka?

Lakini nusu yangu haikuwa mchezo. Stoo ninayofanyia kazi ina bwana mdogo wa Kizungu, umri wake ni wa kuwa mwanangu, ananiita boi na ndevu zangu hizi. Kila jioni nilipokuwa nafunga milango ya stoo nilikuwa najiambia: gari likienda vizuri, litazaa la pili, nami nitatoka hapa kwa miguu yangu. Nusu ya gari ndiyo ilikuwa njia yangu ya kutokea. Nyingine sikuwa nayo, na mpaka leo sina.

Pampu ilianza kufa wakati kama huu, wa masika. Mtani alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa, akanipa nami ninuse. Oili ilinuka petroli.

"Kiwambo hicho," akasema.

Pampu yenyewe ilikuwa ya zamani, imefungwa ubavuni mwa injini. Ndani yake mna kiwambo kama cha ngoma, na mkono wa chuma unaosukumwa na injini. Mkono ukikivuta kiwambo, petroli inanyonywa kutoka tangini. Ukikiachia, inakwenda kwenye kabureta. Kiwambo kikipasuka, petroli inamwagikia kwenye oili, oili inakuwa nyepesi kama chai, na injini inajisaga yenyewe. Hayo yote alinieleza yeye. Mimi nilikuwa sijui hata kwamba gari lina pampu.

"Hiyo kazi ya Temeke," akasema.

Kule Temeke kulikuwa na uwanja wa magari mabovu. Alikwenda asubuhi, jioni akarudi na pampu iliyofunguliwa kwenye lori lililopinduka. Ilifanana na yetu. Nisimsingizie, mtu yeyote angesema ni pacha wake. Lakini mimi ni mtu wa stoo, nimezoea kupokea vitu vinavyofanana ambavyo si kimoja. Niliziweka zote mbili juu ya gunia, nikapima mikono yake kwa njiti ya kiberiti. Mkono wa ile ya lori ulikuwa mrefu zaidi.

"Umezidi kidogo," nikamwambia.

"Mnyamwezi anapima pampu kama anapima mtama. Nitaweka gaskiti nene, pampu itakaa nje zaidi, mkono utapungua. Umeridhika?"

Niliridhika. Na kweli ilivuta. Tulipanda gari tukazunguka Buguruni nzima, watoto wanatukimbilia, yeye ananiambia kila kona, "Sema sasa, mwenye njiti." Kwa muda gari lilikwenda, na juma langu lilipofika nilipata haki yangu, wala sikuwa na la kusema.

Halafu mkono ule ukakatika kwenye mlima wa Pugu. Siku hiyo nilikuwamo garini. Abiria walishuka wakaondoka kwa miguu, nasi tukabaki na gari lisilovuta petroli na debe letu la akiba. Mtani akatoboa njia: mpira mmoja utoke kwenye debe uingie kwenye kabureta, debe likae juu kuliko injini, petroli itateremka yenyewe. Boneti likafunguliwa upande mmoja, nami nikakaa juu ya madigadi ya mbele, debe nimelikumbatia begani, mpira unaning'inia, na mkononi kitambaa cha kuzibia ikizidi. Tulirudi hivyo kutoka Pugu mpaka Buguruni, petroli ikinichuruzikia shingoni. Watu wa njiani walisimama kutazama.

"Oyaa! Mnyamwezi mpaka kwenye gari kabeba!" mmoja akapiga kelele.

Mtani akatoa kichwa dirishani. "Muacheni jamani, huyu hawezi kwenda safari bila mzigo. Ataumwa."

Nilicheka. Ilikuwa inachekesha, na hata sasa nikiiandika inachekesha. Lakini usiku ule ngozi ya bega iliniwaka kwa petroli nikakosa usingizi, nikaamua kwamba pampu inayokuja nitaichagua mimi.

Nilikuwa nimesikia stoo, kwa dereva mmoja wa lori, kwamba ziko pampu za betri. Hizo hazisukumwi na injini wala hazina mkono wa kukatika. Unaunganisha waya, zinagonga zenyewe. Nilimwambia mtani. Hakupenda kabisa.

"Pampu ya betri ni pampu ya kuomba," akasema. "Betri ikifa, na wewe umekufa. Ya mkono, injini ikizunguka inavuta. Huo ndio uhusiano wa haki."

"Na mkono ukikatika?"

"Nitatafuta mwingine."

"Temeke?"

"Kuna ubaya gani Temeke? We unataka vya dukani kwa sababu una kalamu sikioni."

Maneno yake yalikuwa na ukweli, nami nilijua. Betri yetu ilikuwa kuukuu, na huko anakokwenda usiku, porini, nani wa kuichaji? Nilikaa na jambo hilo siku nyingi. Mke wangu naye alikuwa na lake: fedha pekee tulizokuwa nazo tulikuwa tumeziweka kwa ajili ya bati la nyumba. Aliyekata shauri ni baba mdogo. Baba mdogo ndiye aliyenipokea nilipofika mjini. Alikuwa amestaafu kazi ya reli na alilala chumba chetu cha mbele, na kikohozi chake kilijulikana mpaka mtaa wa pili. Aliposikia tunabishana, mimi na mke wangu, alikohoa kwanza, halafu akasema, "Nunueni pampu. Gari likienda, bati litakuja limepakiwa juu yake."

Nikaenda mjini, Uhindini, kwenye duka la vipuri.

"Gari yako betri gani?" mwenye duka akaniuliza.

"Betri kubwa."

Hakunicheka, na kwa hilo namshukuru. "Kubwa iko nyingi. Volti sita, ama volti kumi na mbili?"

Sikujua. Akaniambia nihesabu vifuniko vya juu vya betri, vile vya kutilia maji. Vikiwa vitatu, volti sita. Vikiwa sita, volti kumi na mbili. "Wewe kosea, pampu ungua. Mimi hapana rudisha."

Nikarudi Buguruni kwa miguu kwenda kuhesabu vifuniko. Vilikuwa vitatu. Sikujiamini, nikamwita mke wangu naye ahesabu.

"Vitatu," akasema. "Umenitoa jikoni kwa hili?"

Nikarudi tena dukani, nikanunua ya volti sita, mpya, ndani ya boksi lake, imefungwa kwa karatasi ya mafuta. Nilipofika nyumbani niliiweka juu ya kabati nikawa nainuka kuitazama. Tulipanga kuifunga Jumamosi. Mtani alikuja kuiona, akaipindua pindua, akasema tu, "Nzito." Kwake hiyo ilikuwa sifa.

Jumamosi haikufika. Baba mdogo alizidiwa Alhamisi, na Ijumaa alfajiri akafariki.

Hapa ndipo nitakapokuwa mwangalifu zaidi. Kaburi la baba mdogo alilichimba mtani, yeye na vijana aliokuja nao, mvua inanyesha, shimo linajaa maji, wanayachota kwa debe na kuendelea. Hakuniacha nishike jembe hata mara moja. Alisema mfiwa hachimbi. Hilo liandikwe juu kabisa, kabla ya mengine.

Siku ya kuanua matanga wakaja Wazaramo, wake kwa waume, kutania. Ndivyo inavyotakiwa. Msiba wa Mnyamwezi aliyefia pwani usipotaniwa na Wazaramo, watu husema marehemu hakuwa na mtu. Mtani siku hiyo ana ruhusa ya kuvaa nguo za marehemu, kuziba mlango, kuepua sufuria la wali likiwa motoni, na kitu alichokichukua hakirudi mpaka kikombolewe. Mfiwa akikasirika, ameuharibu msiba wake mwenyewe. Mimi sikuwa mgeni wa mambo hayo. Kwenye msiba wa shangazi yake mtani niling'oa mlango wa nyumba, nikaondoka nao mgongoni, nikaurudisha kwa jogoo.

Basi walitania vizuri. Mama mmoja alivaa kanzu ya baba mdogo, akakaa kwenye kiti chake barazani na kukohoa kikohozi chake hasa, mpaka mke wangu, aliyekuwa analia tangu Ijumaa, akacheka kwa mara ya kwanza. Mtani akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na boksi la pampu kichwani, kajikunja mgongo kama mpagazi, fimbo mkononi.

"Pisheni njia! Msafara unapita!"

Watu wakavunjika mbavu.

"Mtani, rudisha," nikasema, nikicheka.

"Nirudishe bure? Nyie mmebeba mizigo ya watu mpaka shingo zimeingia kifuani, mnadhani kila mtu anabeba bure? Huyu mateka. Akombolewe."

"Chukua kuku."

"Yule mwenye mafua? Kaa naye, mtauguzana."

"Chukua kitanda cha marehemu."

"Kina kunguni wa Tabora, wataniuliza njia ya kwao."

"Sasa unataka nini?"

Alisimama. Akalitelemsha boksi kutoka kichwani, akalishika kwa mikono miwili mbele yake. Nimeikumbuka mara nyingi namna alivyolishika, nikitafuta kama kulikuwa na kitu, na sikioni.

"Nataka nusu ya gari," akasema.

Uwanja mzima ukaripuka. Yule mama mwenye kanzu akapiga kelele kutoka kitini, "Mpe, mwanangu! Mpe na nusu ya mke!" Mzee wetu wa Kinyamwezi, ambaye ndiye aliyesimamia matanga, akanigeukia, naye anafuta machozi ya kicheko. "Mpe bwana tumalize, wali unapoa."

"Chukua," nikasema.

Wakapiga vigelegele. Mtani akanikabidhi boksi, akanikumbatia, tukala.

Jumamosi iliyofuata tuliifunga pampu, mimi na yeye. Mimi nilishika taa na kumpa spana. Tundu la ubavuni mwa injini, pale ilipokaa pampu ya zamani, tulilifunika kwa kipande cha bati alichokikata kwa mkasi. Hilo ndilo bati pekee lililotokana na fedha zile. Akawasha swichi, pampu ikagonga tik, tik, tik, kabureta ikajaa, milio ikawa ya polepole, ikanyamaza. Injini ikawaka kwa mzunguko wa kwanza wa hendeli. Mtani aliuma mdomo, akatikisa kichwa, akaniambia, "Haya. Nimekosa mie." Niliona fahari siku ile kuliko siku ya harusi yangu.

Juma lililofuata lilikuwa langu. Jioni ya siku ya mwisho nikaenda kwake kama kawaida. Walikuwa wanakula, wakanikaribisha, nikanawa.

"Nimefuata mapato," nikamwambia tulipomaliza.

"Mapato ya nani?"

"Ya juma langu."

"Mtani, we si ulimkomboa mateka?" Akacheka. Mkewe akacheka. Nami nikacheka, maana ulikuwa utani mzuri, umekaa mahali pake. Nikaaga nikarudi nyumbani.

Juma langu la pili nikaenda tena, akasema vilevile, tukacheka vilevile, ila mimi nilichelewa kidogo. La tatu sikwenda. Nilingoja aje mwenyewe, anipe, aseme, Mnyamwezi we, ulifikiri kweli? Hakuja. Nilikuwa nangojea utani uishe. Masika yamepita na mengine yamekuja, na haujaisha.

Nilimwendea mzee wetu, yule aliyesimamia matanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akatoa ugoro, akavuta.

"Ulisema chukua?"

"Nilisema."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu. Nawe ulikuwapo, mzee. Nawe uliniambia nimpe."

"Nilikuwa na njaa," akasema, bila kucheka. "Ungeweza kusema hapana?"

"Kwenye matanga?"

"Ndiyo hivyo. Na ukienda kwa liwali utamwambiaje? Kwamba mtani wako kakutania? Atakufukuza, na Wazaramo watatuimba mpaka kiama. Kaa nalo."

Nimekaa nalo. Nimejaribu kulitazama kwa upande wake. Huenda anaamini kabisa kwamba nilimpa. Huenda kwa muda mrefu aliona kwamba anayeamka usiku, anayelala chini ya gari na kupakwa oili usoni ni yeye, na mimi nakuja Jumamosi kunawa mikono na kupokea. Kwa hiyo nusu ile, moyoni mwake, ilikuwa yake hata kabla ya boksi. Kama angeniambia hivyo tungepimana, na labda ningekubali robo. Hakuniambia. Alingoja siku ambayo mimi siruhusiwi kukasirika. Au hakungoja, neno lilimtoka tu, halafu akaona limekubaliwa. Sijui. Na mtu huyu, mwanangu alipopatwa na degedege, alimpeleka hospitali usiku, akakaa naye mpaka asubuhi, na hakutaka hata ahsante. Kila nikiyahesabu mema yake hasira inazidi, maana mtu mbaya ningemchukia nikapumzika.

Kazini bado naitwa boi.

Basi leo asubuhi. "Hodi, mtani!" Alikuwa mlangoni, maji yanamtiririka, gunia kichwani. "Saa yako imekufa. Nina watu wa harusi ya Temeke garini, bibi harusi ananingoja. Njoo uitazame, we ndiye unayeijua."

Ningeweza kusema naumwa. Mke wangu alikuwa ananitazama. Nikachukua spana nikatoka. Mtani akafungua boneti, akalishika gunia juu ya kichwa changu ili nisilowe, yeye mwenyewe analowa. Niligonga pampu polepole kwa mpini wa spana. Kimya. Nikafungua kofia yake ndogo. Mle ndani mna vichuma viwili vinavyogusana na kuachana. Vikiingia kutu, umeme haupiti. Nilivifuta kwa ubavu wa kiberiti.

"Na kama imekufa kabisa, ninunue ipi?" akaniuliza juu ya kichwa changu.

"Hiihii. Volti sita. Hesabu vifuniko vya betri kabla hujaenda."

"Vitatu. Si ulinifundisha mwenyewe?"

"Kama umebadilisha betri, hesabu tena."

"Pampu nzuri hii, mtani. Nilibishana nawe bure. Nakwambia ukweli, mie nilikosea."

Alikuwa anasema kweli, na alikuwa anaisema kwa moyo. Nikafunga kofia. Akanyoosha mkono ndani, akawasha swichi. Tik, tik, tik. Garini wakapiga makofi. Walikuwa wanawake watatu waliojifunika kanga mpya, na mwanamume mmoja mwenye kofia ya fezi.

"Nani huyu fundi?" mmoja wa wale wanawake akauliza.

"Mtani wangu," akasema. "Ndiye aliyenipa nusu ya gari hili."

Sikupanga. Nilikuwa nimesimama kwenye tope, gunia limeondoka kichwani, maji yananiingia machoni, nikasema, "Naitaka. Nusu yangu ya gari, naitaka."

Wakacheka wote. Yule mwanamke akapiga kofi mapajani mwake. "Mpe gurudumu, aende nalo!"

"Unataka nusu ya mbele au ya nyuma?" mtani akaniuliza.

"Sitanii," nikasema. "Gari hili nusu ni yangu. Nilitoa fedha zangu. Nirudishie."

Wakacheka zaidi. Yule mwenye fezi alikohoa kwa kucheka, akasema, "Tazama uso wake! Huyu ndiye mtani hasa, hata jino halionyeshi." Nilimtazama mtani wangu. Naye alikuwa anacheka, lakini alianza baada yao. Au ndivyo nilivyotaka kuona. Mvua ilikuwa kubwa, siwezi kuapa. Akafungua buti, akatoa kipande cha papa mkavu kilichofungwa kwa jani la mgomba, nadhani kuna abiria aliyemlipa hivyo, akanitia mkononi.

"Haya, mateka kakombolewa," akasema. "Msalimie shemeji."

Gari likaondoka. Nilisimama nikasikiliza mpaka mngurumo ukapotelea upande wa barabara kuu. Liliondoka vizuri, pampu inavuta bila kukatisha.

Ndani nilimpa mke wangu lile jani. Alilifungua, akanusa, akaniuliza, "Ndiyo nusu yenyewe hii?" Akakiosha kipande kile kwa maji ya mvua kutoka kwenye bakuli, akakuna nazi.

Jioni hii tumekula ugali wa muhogo na papa wa nazi, watoto wakagombania ukoko. Nilikuwa nimejiambia kwamba sitakula. Nimekula. Papa alikuwa mzuri, nisiseme uongo.